Kiini cha Walnati Ndani ya Leso

Muuza dondoo la walnati, dawa ya chupa anayodai hurudisha kumbukumbu, ana mikono laini ya mtu ambaye hajawahi kukamua chochote, sembuse kokwa ngumu. Mteja akisimama tu mbele ya kabati lake la kioo, yeye hukohoa kidogo, hufungua leso na kutoa kiini chenye mikunjo, kisha hukiweka kando ya kipaji cha uso wake. "Hebu angalia, dada yangu. Huu si ubongo mtupu?" Kiini ni kilekile cha siku zote, kimekuwa cheusi kwa jasho la vidole. Mteja wake mmoja, fundi cherehani, anakijua vizuri, maana baba yake mzee anayepoteza kumbukumbu ameanza kumwita kwa jina la marehemu mama, na kila chupa ikiisha bila nafuu, muuzaji humwambia kwa sauti ya asali kwamba inayofuata ndiyo itakayofungua kichwa.

Leo fundi alikuwa anafungua pochi alipoingia mama mzazi wa muuzaji, akachukua chupa rafuni. "Nipe na mimi, mwanangu. Nimesahau tena sufuria motoni." Asali ya sauti ikakauka. Muuzaji akaichomoa chupa mkononi mwa mama yake taratibu, akairudisha mahali pake. "Achana na hii, mama. Wewe meza vidonge vya daktari, usicheze na afya yako." Kisha akamgeukia fundi, akakohoa kidogo, akafungua leso.

Fundi alikwisha kufunga pochi.

"Mama," akamuuliza yule bibi, "huyo daktari wako anapatikana wapi?"