Ukimya wa ripita niliousifia

Leo nimesifia mtambo uliokufa.

Ripita yetu pale mlimani Busi, mtambo unaopokea sauti za redio zetu na kuzirusha mbali, ina redio mbili kwenye antena moja. Kidude cha kuziunganisha nilikichagua mimi, fundi wenu. Nikachukua kile cha redio za gari, maana ni chepesi kupanda nacho mlima. (Kitambi changu mnakijua.)

Asubuhi, mvua ikinyesha, nikamwita jirani yangu Rajabu hapa mtaani Kikuyu, aje asikie redio yangu.

"Sikiliza! Hakuna hata mkwaruzo."

"Kaka, mbona hata Bi Zena, anayeongea redioni kila asubuhi, hasikiki?"

"Atakuwa amelala."

Hakuwa amelala. Alikuwa Busi, anamwita redioni mdogo wake aliyekuwa akichunga ng'ombe korongoni: maji yanashuka, toka! Kidude kilishaungua, ripita haikurusha hata neno lake moja. Hakikutengenezwa kuhimili kurusha mfululizo.

Mchana akapata mtandao, akanipigia.

"Nimeita mpaka sauti ikakauka, fundi. Ng'ombe wawili wameonekana, wamekufa. Mdogo wangu bado tunamtafuta."



Jamani, mwenye kidude cha ripita ya kweli anipigie sasa hivi. Hata kiwe kizito kuliko mimi, nakipandisha leo. Wanaomtafuta wanahitaji kusikiana.