Kovu la Bure

Jepkemboi amelima viazi Mau Narok kwa miaka thelathini, na hajawahi kuvuna kwa kubahatisha. Vibarua wakishafika na majembe, huwasimamisha kando. Hupiga magoti mwenyewe, huchomeka vidole kando ya shina na kupapasa udongoni bila kukata hata mzizi, kisha husema: chimbeni, au bado.

Mwaka jana hospitali moja ya kibinafsi ilimpasua kuanzia chini ya kifua hadi kinenani ili kuondoa kansa ya ovari. Daktari akakuta imetapakaa tumbo zima, haiondoleki. Akamshona bila kutoa kitu. Kidonda kikaoza, na kemo, dawa ya kuua kansa, ikabidi ingoje wiki saba kipone. Wiki saba Jepkemboi alilala chali akihesabu misumari ya mabati, kansa ikistarehe ndani yake.

Sasa, baada ya kemo awamu tatu, Daktari Adero wa Nakuru alimwambia huenda upasuaji ukawezekana. Ila kwanza angetoboa tundu dogo kitovuni, apitishe kamera, aangalie. Kama kansa yote ingeweza kutolewa, angepasua. Kama sivyo, wangerudi kwenye dawa.

Jepkemboi aliuliza:

"Hiyo kamera imefika Kenya lini?"

"Iko miaka mingi, mama. Hata kule ulikopasuliwa wanayo. Wanatolea vijiwe vya nyongo."

"Kwa hiyo viazi vyangu vina heshima kuliko tumbo langu."

Daktari alieleza kwamba hata kamera hukosea wakati mwingine. Jepkemboi alimsikiliza, lakini hakutia sahihi mpaka ilipoandikwa kwenye fomu, kwa herufi kubwa: KAMERA KWANZA.

Alipozinduka, mkono wake ulitangulia chini ya blanketi. Ulikuta plasta ndogo kitovuni. Kwingine, lile kovu la zamani tu.

"Bado, mama," Daktari Adero alisema. "Kuna sehemu kwenye utumbo singeweza kuisafisha."

"Hiyo 'bado' naielewa. Kemo lini?"

"Wiki ijayo."

Wiki ijayo. Hapo ndipo hasira ilipompanda upya, kwa zile wiki saba ambazo hakuna mtu angemrudishia. Akamwagiza bintiye, Chepchumba, kalamu na karatasi. Barua kwa ile hospitali aliianza akiwa kitandani, na aliianza bila salamu.