Farasi wa Baharini wa Keza

Jina alilobatizwa nalo Kazimili Nyandwi halitumiki tena pale Keza. Ukishuka kwenye pikipiki ukamuulizia kwa jina hilo, vijana watatazamana. Ukisema Farasi, watakunyooshea kidole hadi kwenye migomba yake. Alipewa jina hilo na mtu aliyesoma, mbele ya watu waliokuwa wakinywa, na kila aliyecheka siku ile ana sehemu yake katika yaliyofuata.

Mkewe, Ildefonsa, alijifungua mimba ikiwa ya miezi saba, akafariki siku ya tatu katika hospitali ya mjini. Mtoto, wa kike, alikuwa na kilo moja na gramu mia nne. Muuguzi mmoja mnene, asiye na maneno mengi, alimwambia Kazimili avue shati.

"Hii si kazi ya mama?" aliuliza Kazimili.

"Mama yuko chumba cha maiti. Wewe una damu ya moto au huna?"

"Ninayo."

"Basi." Akamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akamfunga kwa khanga ya marehemu. "Huyu hawezi kujipasha joto. Blanketi halitoi joto, linatunza tu lililopo. Wewe ndiye jiko lake. Hatoki hapo mpaka afike kilo mbili na nusu. Ukienda kuoga, apokewe na mwenye kifua. Umenielewa?"

Alielewa. Walikaa wodini wiki tano, kisha akarudi nyumbani na Restuta, ndilo jina alilompa, kifuani chini ya shati. Alipalilia maharage naye. Alilala amekaa, mgongo ukutani. Kila Alhamisi alimpeleka zahanati kupimwa, na akirudi aliitamka ile hesabu njia nzima asije akaisahau.

Wanaume wa Keza hawakuwa wamewahi kumwona mwanamume amefunga mtoto kwa khanga. Walimuuliza kama ananyonyesha pia. Aliwaacha waseme.

Jumapili moja alipita kwa Juvenali, anayeuza pombe ya ndizi, kutafuta mtu wa kumsaidia kupalilia. Mwalimu Gidioni alikuwa hapo. Gidioni alifundisha sayansi shule ya msingi, kijana wa shati safi, simu mkononi.

"Msimcheke kaka Kazimili," alisema. "Ana ndugu zake. Wanaishi baharini."

Akazungusha simu. Kwenye picha kulikuwa na samaki aliyesimama wima, uso kama wa farasi, mkia umejisokota kama kikono cha mboga ya maboga.

"Huyu anaitwa farasi wa baharini. Magamba hana, ana vibao vya mifupa mwili mzima. Kuogelea kunamshinda, anajishikiza mkia kwenye majani asichukuliwe na maji. Sasa huyu ni dume. Jike anakuja na mayai, anayatia kwenye mfuko wa tumbo la dume, anaenda zake. Mimba inabaki kwa baba."

"Na mama?" aliuliza Juvenali.

"Kila asubuhi anapita kumsalimia. Wanazungukana kidogo, wanabadilika rangi, basi. Anarudi matembezini."

"Shikamoo, mume wangu mjamzito," mtu mmoja alisema kwa sauti nyembamba ya kike, na kibanda kizima kikaangua kicheko.

Kazimili hakucheka wala hakukasirika. Aliinama juu ya ile simu, mkono umeshika kichwa cha mtoto.

"Huo mfuko aliupata wapi?"

"Wazee wake wa zamani walikuwa wakigandisha mayai tumboni hivi hivi, wazi. Wapo ndugu zake wembamba kama sindano wanaofanya hivyo hadi leo. Vizazi na vizazi, ngozi ikakua, ikayafunika."

"Na humo ndani anawapa nini?"

"Hewa, kupitia damu yake. Chakula kidogo. Na maji ya mfukoni anayageuza polepole yafanane na chumvi ya bahari, wazoee, ili wakitoka yasiwashtue."

"Wakitolewa kabla ya siku zao?"

"Wanakufa," alisema mwalimu, akikinga bilauri yake ijazwe. "Wote."

Kazimili aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokuwa akilijua. Aliondoka bila mpalizi. Nyuma yake mtu aliita, "Farasi, utajifungua lini?" Kufikia Jumanne, watoto wa shule nzima walikuwa wakimwita hivyo.

Restuta alikuwa amefika kilo mbili na gramu mia moja siku wakwe walipotangaza kuja. Véronique, binti wa marehemu kaka yake Kazimili, alikuwa ameposwa na kijana wa mzee Maduhu, Msukuma aliyehamia Biharamulo na mifugo yake. Katika ukoo hapakuwa na mwanamume mwingine wa kukalia kiti cha baba wa binti. Asubuhi ya siku yenyewe shangazi yake Kazimili, Secilia, alikuja, na mwalimu Gidioni nyuma yake, kwa kuwa ndiye aliyechaguliwa kuongoza kikao.

"Mwanangu," alisema Secilia, "watu wanaleta ng'ombe kumi na wawili. Watamkuta nani kitini? Mwanamume mwenye mimba?"

"Watamkuta baba mdogo wa binti."

"Watakuta kichekesho. Na Véronique ndiye atakayekwenda kuishi nacho."

Véronique alikuwa mlangoni, analia bila sauti. Machozi hayo ndiyo yaliyomlegeza Kazimili.

"Saa mbili tu, kaka," alisema Gidioni. "Shangazi atambeba."

Kazimili alimtazama. "Mwalimu, ni wewe unayesema hivyo?"

"Yule ni samaki, kaka. Huyu ni mtu. Usichanganye masomo."

Secilia aliapa kumweka mtoto kifuani pake. Kazimili akafungua khanga.

Shangazi alikuwa na gauni jipya la kitenge lililobana. Vigelegele vya kwanza vilipopanda, alimviringisha mtoto kwenye blanketi, akamlaza kitandani chumba cha nyuma, akatoka kucheza.

Alasiri mvua ilishuka na mawe yake, na baridi ya milimani ikaingia hadi ndani. Kazimili alikaa kitini na koti lake, kifua kitupu bila mtoto. Mshenga wa Maduhu alikuwa akimsifu kila ng'ombe peke yake: rangi, pembe, mama yake. Alipofika wa tano Kazimili alisimama.

"Kaa, mzee," Gidioni alimnong'oneza. "Ukitoka, wanaona umekataa."

Alikaa. Alipofika wa tisa alisimama tena, na safari hii Gidioni alimvuta koti, akatabasamu kwa wakwe. Watu wakacheka. Kazimili akakaa.

Ng'ombe walipokwisha alikwenda chumba cha nyuma. Restuta alikuwa baridi kama jiwe la mtoni, midomo imekuwa ya bluu, bado anapumua mara moja moja. Alirarua shati, akamrudisha mahali pake, akakimbilia pikipiki. Hawakufika zahanati.

Alizikwa kesho yake, watu wachache tu, kama wanavyozikwa wadogo. Pombe ya posa ilikuwa imebaki, ikanywewa msibani. Secilia aliwaambia waliokuja, na husema hadi leo, kwamba mtoto wa miezi saba hakuwa na siku nyingi hata hivyo.

Gidioni alikuja jioni kutoa pole. Kazimili alimwonyesha pa kukaa.

"Mwalimu, nikumbushe. Ulisema wakitolewa kabla ya siku zao inakuwaje?"

"Kaka, si wakati wake huu."

"Ninauliza somo tu."

Waombolezaji waligeuka kumtazama mwalimu.

"Wanakufa," alisema Gidioni.

"Ulilijua."

"Nililijua."

"Nilitaka walisikie na hawa," alisema Kazimili, akanyanyuka kuongeza kuni.

Véronique ana watoto wawili sasa, na nyumba yake haichekwi. Mwalimu alihamishwa. Jina halikuhama. Watoto wakimkuta Kazimili bombani huliita kwa mbali, Farasi, Farasi. Yeye huweka ndoo chini, hugeuka na kuitika, "Naam," kisha husimama akingoja waseme walichomwitia. Wao hukimbia, na kesho yake humwita tena.