Mkanda Uliolia Chini ya Dirisha la Shemeji

Mama Maziwa hakuwa mtu wa kelele, ndiyo maana mtaa mzima ulishangaa alivyoiacha pikapu yake ipige mayowe kila alfajiri. Akiiwasha tu, mkanda wa injini unalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Na aliiegesha makusudi pale ukutani, chini ya dirisha la shemeji yake.

Shemeji huyo, mdogo wake marehemu mumewe, alikuwa fundi wa magari. Mkanda ulipoanza kulia, ni yeye aliyeitikisa feni, ikacheza kama jino bovu. Akasema mkanda hauna kosa, zimekwisha beringi za habu, pale feni inapozungukia. Mama Maziwa akatoa fedha za beringi mpya. Jioni akaambiwa tayari. Alipouliza kama kweli ni mpya, shemeji alikunja uso, akaapa kwa kaburi la kaka yake. Baada ya kiapo kama hicho, nani angeuliza tena?

Haukupita muda, kelele zikarudi. Safari hii alikwenda kwa fundi wa mbali. Habu ilipofunguliwa zikatoka beringi zilezile za zamani, zimepakwa grisi mpya tu, na ubavuni kila moja ina msalaba mdogo uliochorwa kwa msumari. Mumewe ndiye aliyekuwa akiweka alama ile kwenye kila kifaa alichokifunga kwa mkono wake. Kuibiwa Mama Maziwa alishazoea, biashara ya maziwa ina wezi wake. Lakini kuibiwa kwa kiapo cha kaburi la mumewe, tena na ndugu wa tumbo moja, hilo halikumpita kooni.

Fundi wa mbali akataka kufunga mpya.

"Zirudishe kama zilivyokuwa," Mama Maziwa akamwambia.

Fundi alimwonya kwamba iko siku feni itachomoka iichane rejeta inayopoza injini. Akajibu kwamba siku hiyo ikifika watajuana.

Basi ikawa kila alfajiri anaiwasha, anakanyaga mafuta, anaiacha ilie huku akinywa chai yake taratibu. Alifurahi, tusimsingizie wema. Watu wakimuuliza nani aliyemtengenezea gari, aliwaelekeza kwa upole gereji ya shemeji, akaongeza kwamba ni fundi mzuri sana. Gereji ikaota majani. Shemeji akavimba macho kwa kukosa usingizi, mpaka siku moja akabisha hodi, mkononi ana beringi mpya ndani ya kikasha chake.

"Shemeji, tuyamalize," alisema. "Nakufungia bure. Watoto hawalali."

"Tutayamaliza. Simama pale barabarani, mbele ya watu, useme uliapa uongo kwa kaburi la kaka yako."

Shemeji akasema hilo tu hataliweza, akaondoka na kikasha chake.

Siku aliyoonywa ilimkuta mlimani, pikapu imejaa madumu ya maziwa. Beringi zilisagika, feni ikachomoka, ikaichana rejeta, na kabla hajapata pa kusimama injini ilishachemka ikakata roho. Maziwa yakaharibikia juani. Gari likavutwa kwa kamba hadi nyumbani, na fundi wa mbali alipokuja kuitazama injini akatikisa kichwa, akafunga boneti. Shemeji alichungulia dirishani, kisha akarudisha pazia.

Kesho yake Mama Maziwa aliamka saa yake ileile, bila maziwa ya kupeleka wala gari la kuwasha. Mtaa ulikuwa kimya. Halafu, ng'ambo ya ukuta, akamsikia shemeji akikoroma, koromo la mtu mwenye deni la usingizi anayelilipa lote kwa mara moja. Hapo ndipo alipolia. Hakulilia maziwa wala injini, alililia lile koromo.

Alipomaliza kulia akatoka uani na beringi alizoziokota mlimani. Zilikuwa zimekwaruzika, lakini misalaba ilikuwa bado inaonekana. Akaupapasa mmoja kwa kidole gumba, akamwomba mumewe radhi, akairusha beringi kwa nguvu zake zote juu ya mabati ya shemeji. Ilibiringika na kishindo chake mpaka ikaanguka upande wa pili.

Koromo likakatika. Ya pili akaitia mfukoni, ya kesho.