Kadi Niliyomwandikia Shangazi

Shangazi yangu alikufa akiwa na kadi ya chanjo ya kipindupindu niliyoiandika kwa mkono wangu, na sindano yenyewe hakuchomwa. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu najijua. Nikiliacha la mwisho, nitatafuta njia ya kulikwepa.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Watu wengi wa Uyui, pembeni ya mji wa Tabora, walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vipya, nyumba zimepangwa mistari, visima havitoshi. Kipindupindu kikaingia nchini, kikafuata reli. Ikatoka amri kwamba hakuna kupanda treni wala basi bila kadi ya chanjo. Mimi nilikuwa msichana niliyemaliza mafunzo ya miezi michache ya uhudumu wa afya, nikapewa meza pale stesheni ya Tabora, pembeni ya chumba cha mizigo. Nilikuwa na jiko la mafuta ya taa la kuchemshia sindano, chupa za dawa kwenye ndoo ya barafu, bunda la kadi, na mhuri. Niliupenda ule mhuri. Watu wazima walionizidi umri mara tatu walisimama mbele yangu wakisubiri niugonge.

Wengi hawakuiamini dawa. Wanawake wa mtaa wa Mtendeni walinong'ona kwamba ni sindano ya kufunga uzazi. Wakulima wa tumbaku walisema ugonjwa wenyewe umo ndani ya chupa, maana mtu akichomwa leo, kesho ana homa na mkono umevimba. Niliwajibu kwa maneno niliyokaririshwa darasani, nao walinyoosha mikono kwa sababu walitaka kusafiri, si kwa sababu nimewaridhisha.

Shangazi, dada yake baba, alinilea mtaani Isevya, hapo hapo Tabora, tangu mama yangu alipofariki, nikiwa sijaanza shule. Alikuwa mshona kofia. Alikuwa na binti mmoja tu, mkubwa kwangu, ambaye nilimwita dada. Dada alichechemea. Utotoni alipata homa, akapelekwa kwenye zahanati fulani, akachomwa sindano ya paja, na tangu siku ile mguu ukalegea. Shangazi alimbeba mgongoni miaka miwili mpaka akajifunza kutembea upya. Kwa hiyo shangazi alipoogopa sindano hakuwa anafuata maneno ya mtaani. Aliogopa jambo aliloliona kwa macho yake.

Dada aliolewa katika kijiji kimoja mbele ya Goweko, na mwezi ule alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Asubuhi moja nikamwona shangazi kwenye foleni, kabeba kifurushi cha nguo za mtoto.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akainama, akasogeza mdomo karibu na sikio langu. "Niandikie tu. Usinichome."

"Shangazi, haiwezekani. Kuna ukaguzi."

"Ukaguzi si ni wewe?"

Nikacheka. Bwana afya, msimamizi wangu, alikuwa amekwenda kunywa chai. Nyuma ya shangazi watu walisukumana, treni ilikuwa imeshaingia. Nikaandika jina lake, nikaandika tarehe, nikagonga mhuri. Sikuhisi kwamba ninatenda kosa. Nilihisi kwamba hatimaye nimeweza kumpa kitu mtu aliyenipa kila kitu. Akanibusu kwenye paji la uso mbele ya foleni nzima, akaenda kupanda.

Baada ya siku nne simu ilipigwa kutoka stesheni ya Goweko. Shangazi ameharisha tangu alfajiri, na kabla ya adhuhuri amekata roho. Watu wa afya walimzika wenyewe, kwa chokaa. Hakuoshwa na wanawake wenzake, yeye ambaye Isevya nzima ilimwita kuosha maiti za kike. Mpaka leo sijui kama ugonjwa aliukuta kule au alikwenda nao. Wiki ile Isevya ilikuwa na wagonjwa.

Siku tatu baadaye tukatumwa kukichanja kijiji kile. Bwana afya alinichagua mimi kwa sababu nilijua Kinyamwezi. Sikumwambia kitu. Watu walikusanywa mbele ya ofisi ya kijiji, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Dada alikaa chini na kichanga chake kifuani, siku chache tu tangu azikwe mama yake. Bwana afya aliposema dawa hii ni kinga, shemeji yangu, mume wa dada, akasimama. Alikuwa mtu wa kusema, na watu walimsikiliza.

"Ndugu zangu," alisema, "mama mkwe wangu alikuja hapa na kadi. Hii hapa. Kachanjwa Tabora, kapigiwa mhuri, na mmeona alivyokufa. Sasa wanatuletea nini?"

Kadi ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa bwana afya. Akaitazama, akanigeukia.

"Mwandiko wako huu. Ulimchoma?"

Ningesema hapana, pangekuwa na aibu, pengine na kifungo, lakini wangejua kwamba chanjo haikumwangusha yule mama. Nilikuwa na nafasi hiyo mdomoni.

"Ndiyo," nilisema. "Nilimchoma mwenyewe. Mkono wa kushoto."

Hakuna aliyeniuliza ni mkono gani. Niliuongeza mwenyewe ili uongo ukae vizuri. Dada alininyanyulia macho, kisha akayarudisha kwa mtoto.

Mkutano ukavunjika bila mtu kuuvunja. Walikwenda mashambani, wengine porini. Tuliwachanja mwalimu, mwenyekiti wa kijiji na wachache waliowaonea haya, tukarudi Tabora na chupa nyingi zimejaa, barafu imeyeyuka. Kabla mwezi haujaisha kijiji kilikuwa kimezika tena na tena. Shemeji alikuwa miongoni mwa waliozikwa.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja niliyefanya naye kazi aliniambia kwamba sindano ile ya zamani haikuwa kinga kamili, na huenda shangazi angekufa hata kama angechomwa. Alitaka kunifariji. Lakini mimi sikuulizwa kama dawa ni kali au dhaifu. Niliulizwa kama nilimchoma.

Baada ya shemeji kuzikwa, nilipopata ruhusa nikapanda treni kwenda kumwona dada. Alikuwa bado yumo kwenye eda, amekaa ndani. Nilipiga magoti mbele ya mkeka wake, nikamweleza yote. Hakushtuka.

"Najua," alisema. "Mama aliniambia siku aliyofika. Alicheka mpaka machozi. Alisema, mwanangu siku hizi ana mhuri."

"Kwa nini hukusema pale mkutanoni?"

"Wewe ndiye uliyeulizwa, mdogo wangu. Nikasema moyoni, atasema sasa hivi. Ukasema mkono wa kushoto. Ningekukanusha wangekufunga, na mama alikuwa ameshazikwa." Akamhamisha mtoto titi. "Mume wangu sikuwahi kumwambia. Ningemwambia angekwenda kuchanjwa."

Kisha akasema, "Nenda kawaambie."

Nikaenda kwa mwenyekiti, nikamwomba awakusanye watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

"Mwezi uliopita ningekupigia kengele mimi mwenyewe," alisema. "Sasa watu wameanza kuja kuchanjwa, kwa hofu ya makaburi. Ukisimama uwaambie kwamba kadi ya serikali inaweza kuandikwa uongo, nani ataiamini tena? Nenda nyumbani, binti. Usiliseme popote."

Pengine alikuwa sahihi. Ninachokumbuka ni kwamba nilipotoka kwake miguu ilikuwa myepesi. Nilifurahi. Nilipita nyumba ya dada bila kuingia, nikaenda moja kwa moja kusubiri treni.

Nilifanya kazi ya chanjo mpaka nikastaafu. Nimechoma watoto wengi sana, na wazazi wao waliniamini. Dada hakulitaja tena jambo lile kwa mtu yeyote. Mara ya kwanza nilipokwenda kumtembelea baada ya eda yake kwisha, alinipokea vizuri, akaniuliza habari za kazi. Chakula kilipoiva, yeye alikula jikoni, mwanawe mapajani. Mimi aliniandalia sebuleni, peke yangu, kwenye sinia iliyofunikwa kawa, na maji ya kunawa akaniletea kwa mikono miwili, kama ilivyo desturi kwa mgeni.