Libère na Bei Isiyosikia Njaa

Kule Lulimba, kama ulikuwa na dhahabu yako kwenye kikaratasi na shida ya pesa imekubana, mtu uliyemwogopa kumkuta kwenye kibanda alikuwa Libère Nzohabonayo. Hakuwa mwizi. Mizani yake ilikuwa sawa, na hata waliomchukia walikubali hilo. Kilichowamaliza watu ni uso wake. Ungemwaga mbele yake gramu ishirini za dhahabu safi, angezitazama kama mahindi yaliyoingia wadudu, kisha angesema, "Leo sina feza," na kurudi kwenye chai yake. Unatoka, unazunguka, jua linapanda, tumbo linanguruma, unarudi. Unataja bei ya chini kuliko ya kwanza. Yeye bado anakunywa chai. Alinunua hivyo miaka kumi na mitatu, na wachimbaji walisema yule mtoto wa Warundi hana moyo.

Moyo alikuwa nao, tena mwepesi. Lakini wazazi wake walikimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili wakalima mashamba ya wengine hapa Fizi, na katika mashamba hayo alijifunza mapema kwamba anayeonyesha shida yake hulipwa kidogo. Basi akajifunza kutoonyesha. Wala hakuna aliyemwambia kwamba kuficha moyo ni kazi moja na kuutawala ni kazi nyingine kabisa.

Barabara ya Lulimba ilipofikia kuwa na vizuizi vingi kuliko magari, Libère aliuza mizani akarudi Baraka kwa mkewe Solange na binti yao Tania. Nyumba yao ilikuwa karibu na ziwa, karibu kupita kiasi. Miaka hii Tanganyika imepanda na haitaki kushuka; ilikwisha kumeza nyumba za majirani wawili, na mvua zilizopita maji yaliingia mpaka chini ya kitanda cha Tania. Kwa hiyo waliweka akiba. Pesa za Libère za dhahabu na za Solange za miaka minne ya kuuza mawese sokoni zilikaa pamoja kwenye simu ya Libère, dola elfu mbili na mia moja. Mama Mukarurangwa, mjane wa familia moja ya milimani, alikuwa na kiwanja kule juu ambako maji hayafiki. Alitaka elfu mbili. Walipatana kwamba watalipa mwezi wa kumi, karatasi za kiwanja zikishatoka ofisini, kabla ya mvua kubwa.

Pesa ipo, kiwanja kipo, kilichobaki ni kungoja miezi mitatu. Mtu mwenye akili angelala. Libère, aliyezoea kila asubuhi kupimana ubavu na watu, alikaa wiki mbili kwenye kiti cha plastiki akitazama wake za watu wakianika ndagala, dagaa wa ziwani, akaona anaoza.

Ndipo akasikia habari za Eddy. Huyu alikuwa jamaa aliyerudi kutoka Bujumbura, akakodi chumba karibu na nyumba ya kuchajishia simu, na kwa dola thelathini alifundisha watu kufanya biashara ya masoko ya dunia kwenye simu. Libère alikaa benchi la nyuma, mikono kifuani, tayari kucheka.

"Batu banazani hii kazi ni ya macho," Eddy alisema. "Hapana. Ni ya roho. Ukiwa na woga, unatoka mbele ya saa. Ukiwa na tamaa, unabakia mpaka inakukula. Ukikasirika, unarudia kulipiza kisasi, inakukula tena. Muntu mwenye hawezi kutawala roho yake, aende avue samaki."

Libère hakucheka tena. Alisikia kama mtu anayesomewa sifa zake mwenyewe kanisani. Na alipoambiwa kwamba miongoni mwa vitu vinavyouzwa humo kuna dhahabu, aliona kwamba kazi hiyo ilikuwa imekaa ikimngoja.

Eddy alieleza kwa upole. Unaweka pesa ukisema bei itapanda, au ukisema itashuka. Ukipatia, unavuna, ukikosa, soko linakula ile uliyoweka, kidogo kidogo. Kwa hiyo kabla ya kuingia unaandika kikomo: hasara ikifika hapa, simu yenyewe inakutoa. "Hiyo kikomo ndiyo dawa ya roho," alisema. "Unaiandika wakati ungali na akili."

Libère hakuipenda dawa hiyo hata kidogo. "Mi nionyeshe muntu bei yangu ya mwisho mbele hajaniuliza?"

"Papa Libère, hapa hakuna muntu."

"Kila soko iko na muntu," Libère akamjibu, na wanafunzi wengine wakatikisa vichwa kwa heshima.

Alianza na dola mia nne. Mwezi ulipokwisha zilikuwa mia sita na kitu, na siku aliyopata faida kubwa hakutabasamu, na siku aliyopoteza hamsini hakukunja uso. Wenzake walikuwa wakiruka na kushika vichwa. "Muangalie papa Libère," Eddy aliwaambia. "Ile ndiyo roho." Sifa hiyo ilimharibu kuliko pesa. Alirudi nyumbani anatembea katikati ya barabara.

Halafu dhahabu ya dunia ikaanza kupanda. Ikafika bei ambazo Lulimba hawakuwahi kuziota. Libère aliitazama kwa dharau, kwa sababu alizijua bei za namna hiyo: mchimbaji anavimba kichwa, wanunuzi wanafunga vibanda siku tatu, na siku ya nne mchimbaji yuleyule anakuja mwenyewe, mpole, na njaa yake. Akaweka dola elfu moja akisema itashuka. Kikomo hakuandika.

Ilipanda. Hasara ikafika mia mbili. Libère aliigeuza simu kifudifudi, akaagiza chai.

"Kata, papa," Eddy alimwambia. "Ukate sasa, utoke na mia nane."

"Mwenye anasema wa kwanza ndiye anapoteza. Uache isikie njaa."

Mungu wangu! Isikie njaa! Namba kwenye kioo cha simu, isiyo na tumbo, isiyo na watoto wa kulipiwa shule, isiyojua kwamba Baraka kuna mtu amekaa akiinunia. Libère aliinunia siku tisa. Kampuni iliyoshika pesa zake, iliyokuwa nchi asiyoijua, ilipomtumia ujumbe kwamba pesa zinakaribia kwisha, aliongeza mia tano ili asitolewe. Mnunuzi hamwonyeshi mchimbaji kwamba anaondoka kwenye kiti, alijiambia. Ujumbe ukaja tena, akaongeza zote zilizobaki.

Nje alikuwa yuleyule. Ndani alikuwa anaungua. Chakula kilimkataa, na asubuhi alitapika nyuma ya nyumba. Solange alipouliza, alisema ni malaria, kisha ikambidi ameze dawa za malaria mbele yake, zote, mpaka masikio yakamvumia. Kanisani walimwombea. Alifumba macho pamoja nao na kumwomba Mungu ateremshe dhahabu.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye benchi la Eddy, kampuni ilipomtoa yenyewe. Zilibaki dola kumi na moja. Wenzake walikuwa wamesimama nyuma yake wakitazama kioo. Libère aliizima simu, akaitia mfukoni.

"Ulie, papa," Eddy alimwambia kwa sauti ya chini. "Hata mi nililia siku yangu. Ni heri ulie."

"Juu ya nini?" Libère akauliza, akaondoka. Alijiona amewashinda wote, mpumbavu yule, kwa sababu hakuna aliyeona chozi lake.

Alikuwa na nia ya kumwambia Solange. Aliingia na maneno yakiwa mdomoni, akamkuta anapima chupa za mawese na kuimba. Solange alimpa habari kabla hajakaa: karatasi za Mama Mukarurangwa zimetoka, Jumamosi anakuja kuchukua feza. Mbingu ilikuwa nyeusi upande wa rasi ya Ubwari. Libère akameza maneno yake kama alivyomeza zile dawa.

Jumamosi mjane akaja, amevaa kitenge chake kizuri, karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Solange akampa kiti. Na Libère, aliyekuwa amebakiwa na dola kumi na moja tu, akafanya kitu pekee alichokijua maishani. Alizipokea karatasi, akazitazama kama mahindi yaliyoingia wadudu.

"Ile kiwanja, ile parseli, iko na mawe mingi," alisema. "Na njia ya kupanda ni mubaya. Elfu mbili ni mingi, mama. Tena leo sina feza."

Mjane alitoa macho. "Papa, si tulipatana?"

"Ilikuwa mbele ya kuona vizuri."

Alipoondoka, Libère alingoja mkewe amzushie ugomvi. Solange alikuja kutoka jikoni anacheka kichinichini. "Papa Tania, we ni muntu mubaya. Nilisikia. Hata feza ya bati tutapata kama akishuka. Lakini usimuumize sana, ule mama ni mujane." Libère akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo aliomba jambo moja tu, kwamba mjane apate mnunuzi mwingine.

Hakupata. Miezi ile watu wa kwao walikuwa wanahama, kwa sababu ambazo hapa Baraka hakuna aliyeziuliza kwa sauti, na kila aliyemwona anauza haraka alijua kungoja. Jumatatu alirudi, akasema elfu moja mia tano. Libère akasema sina feza. Jumanne jioni akasema elfu moja na mia mbili, amesimama mlangoni, hataki kukaa. Sina feza. Jumatano mvua ilinyesha tangu alfajiri. Maji yalikuwa yamevuka kizingiti, Solange na Tania wamepanga masufuria na nguo juu ya meza, mjane alipoingia ameshika viatu mkononi.

"Elfu moja," alisema. "Mashua yetu inatoka kesho. Elfu moja, unipe sasa, karatasi ni hizi."

Solange aliweka chini sufuria aliyokuwa ameishika. Furaha ilimjaa usoni, na haya pia. "Umupe, Papa Tania. Na umuongezee mia mbili. Hatuwezi kujenga juu ya machozi ya muntu."

Libère alikuwa anatafuta neno la kuanzia, na miaka yote ya Lulimba haikumpa hata moja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya maji, kimya, uso wake umekaza. Na Mama Mukarurangwa, aliyekwisha kuujua uso huo kwa siku nne, akausoma alivyofundishwa kuusoma.

"Mia nane, papa."

"Mama, acha kushusha," Solange akasema. "Amekubali. Papa Tania, umwambie."

Libère aliyatazama maji miguuni pake.

"Mia sita," mjane alisema.

Hapo Libère akaufungua mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya biashara kusema neno hilo na kulimaanisha. "Sina feza, mama. Kweli, sina."

Mjane akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kulia waziwazi, bila kujificha. "Basi mia tano," alisema. "Mia tano, papa. Chini ya hapo siwezi kushuka, niko na batoto bane ba kulipia mashua."

Solange alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuipokea simu, ili atume pesa yeye mwenyewe na aibu ile iishe. Libère hakumpa. Mkono wa Solange ukabaki hewani kitambo, halafu ukashuka polepole.

"Papa Tania," akauliza, "feza yetu iko wapi?"