Maksai wa Ghala la Kahawa

Juzi nimepita Hasamba nikitokea Tunduma, nikakuta vijana wanabomoa ghala la zamani la kahawa. Nyundo zinapigwa kwa zamu, vumbi jekundu mpaka barabarani, na kila tofali linaloanguka lina kipande cha mnyama aliyechorwa: kwato, pembe, jicho la nguruwe. Nilipiga kelele mpaka nikajishangaa mwenyewe. Kijana mmoja akaniambia kwa upole, "Shikamoo mama. Ukuta tu huu, ulishachoka." Ukuta tu! Nikaitikia salamu yake kwa meno yaliyoumana. Basi wewe rafiki yangu kaa hapa, nikueleze ulikuwa ukuta gani.

Nililelewa pale kwa wazazi wa mama. Msimu wa kahawa kijiji kizima kilinuka maganda yaliyochacha. Asubuhi baridi inauma vidole, nasi watoto tunachagua kahawa mbovu kichanjani huku bibi anachochea makande, moshi unamtoa machozi. Ila usidhani kulikuwa na amani. Kwetu kulipigwa. Babu alipiga mbwa, alipiga milango, alitupiga kwa kuchelewa na kwa kuwahi. Na hakuna aliyepigana naye kama mdogo wake, tuliyemwita babu mdogo.

Baba yao alipofariki aliacha maksai wawili aliowafunza kulima pamoja, mwekundu na mweusi. Ndugu hao wakagawana. Babu akachukua mwekundu, babu mdogo mweusi, kisha wakaanza kugombea mpaka wa shamba. Niliwaona kwa macho yangu wakitwangana kwa mipini ya majembe katikati ya mibuni. Babu akatema jino, akaendelea.

Sasa, maksai mmoja halimi. Babu alimfunga mwekundu na maksai wa kuazima, lakini mwekundu hakumtaka mgeni. Hawakumaliza hata mstari mmoja, akamtoboa mwenzake ubavu kwa pembe, na babu akampiga kwa mnyororo mpaka akapiga magoti. Hivyo tulilima kwa mikono, bibi mbele, na mahindi yetu yalichelewa kila mwaka. Mwaka ninaousimulia, kihenge kilikwisha mapema. Mvua zilikuwa karibu, na bibi alianza kutuangalia tunavyokula. "Hawa ng'ombe wasipofungwa nira moja," alisema, "mwaka huu tutazika mtoto."

Mjomba wangu, kitinda mimba wa babu, alikuwa fundi wa kuchora mabango Tunduma. Alikuja na makopo ya rangi, akamwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba anataka kutoa zawadi: atachora mifugo ya kijiji chote kwenye ukuta wa ghala unaotazama barabara. Ee, ilikuwa sherehe! Watu walileta mbuzi kwa kamba. Mke wa mwinjilisti alimleta nguruwe wake ameogeshwa kwa sabuni, akaonya, "Masikio yake yamelala, usije ukanisimamishia!" Tulicheka wiki nzima. Jumamosi mjomba alichora pale katikati palipobaki: mwekundu na mweusi katika nira moja, plau nyuma yao. "Wazee wakiwaona hivyo, wataona aibu," alimwambia bibi. Maskini, alikuwa na nia njema kabisa.

Jumapili tulipotoka kanisani watu walisimama mbele ya ukuta. Babu mdogo alitazama, akacheka kwa sauti. Hapo nikautazama ukuta tena, nikaona kosa. Maana maksai wakilima, wa kulia ndiye anayetembea ndani ya mfereji uliokwisha kulimwa, naye ndiye kiongozi. Aliyewahi kushika kiboko anajua. Mwekundu alikuwa wa mferejini tangu afunzwe. Mjomba, aliyeondoka kwenda mjini kabla hajajua kulima, alimweka mweusi kulia.

"Kaka," babu mdogo alisema, "hata mwanao anajua mkubwa wa shamba lile ni nani."

Babu akauliza polepole, "Nani anatembea mferejini?"

"Baba, ni picha tu. Nitageuza."

Babu aling'oa mti wa mkokoteni uliokuwa pembeni, akauinua juu ya mkono wa kulia wa mjomba, mkono wa kuchorea. Nilifumba macho, nikayafumbua. Babu mdogo alikuwa amejitupa katikati. "Utamuua mtoto, mwendawazimu wewe!" Mti ukampata yeye, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Wanawake walipiga mayowe. Mwinjilisti alijaribu kumshika babu, akapigwa kiwiko, mdomo ukapasuka. Babu akautazama mkono wa mdogo wake unavyoning'inia, kisha akaugeukia ukuta. Alimpiga yule mweusi wa rangi, akapiga, akapiga, mpaka lipu ikaanguka na viganja vyake vikatoka damu. Nilikuwa nalia, na hakuna aliyenibembeleza.

Jumatatu alfajiri babu alimswaga mwekundu mpaka uani kwa mdogo wake. Bila hodi, akamfungua mweusi, akawatia nira, mwekundu kulia, akaanza kulima shamba la babu mdogo. Aliwachapa na kutukana tangu mwanzo hadi mwisho. Babu mdogo alikaa mlangoni, mkono umefungwa vijiti, akimrudishia. "Unakwaruza tu! Zamisha jembe, mjinga!" Alipomaliza lile ndipo akaja kwenye letu. Mvua ilikuta mbegu zetu ziko ardhini, hatukuzika mtoto. Ikawa hivyo kila mwaka, la mdogo kwanza, na matusi yale yale. Neno samahani sikulisikia hata siku moja. Bibi alituambia, "Waacheni watukanane, mradi wanalima."

Mjomba alirudi Tunduma, hakuchora tena mnyama. Wazee wote wamekwenda, na maksai pia. Siku hizi tunakodi trekta. Wajukuu hatupigani. Tunatakiana asubuhi njema kwenye kikundi cha simu, halafu tunapelekana baraza la ardhi tumevaa makoti. Mwaka jana mjukuu wa babu mdogo alivunjika mguu kwa bodaboda, msimu wa kulima umeanza. Shamba lake linapakana na letu. Tulimpa pole nyingi sana. Shamba lilikaa na magugu mpaka mvua zikakatika.